Miguu ya Kenchi

Walimwita Kenchi, kama mbao za kubebea paa, tangu darasa la sita, siku aliponyoosha mkono akaitungua saa ya ukutani bila kupanda kiti. Alipotimiza miaka kumi na saba alikuwa na mita mbili na ushei, na klabu mbili za mpira wa kikapu zilikuwa zinamgombea kama mpira wa kona. Mbio hakuwa nazo. Alikuwa na kichwa kilichotulia na mikono iliyofika mahali wengine wanapaangalia tu. Kwa miaka kumi na mmoja alisimama chini ya goli akiwarudishia wapinzani mipira yao kama karani anayerudisha barua zilizokosea anwani.

Shida yake ilikuwa viatu. Madukani saizi yake haikuwepo, kwa hiyo klabu ikampeleka kwa fundi mmoja mwenye karakana nyuma ya stoo ya mbao. Fundi alimchongea kalibu mbili za mti zenye umbo la miguu yake, akawa anashonea juu ya hizo. Alikuwa mdogo kwake kwa miaka mitatu, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Dada, hivi nashona viatu au nachonga mitumbwi?" alimwuliza kila alipokwenda.

Msimu wa kumi na mbili mambo yakaanza kwenda kombo. Kila asubuhi kichwa kilimgonga. Pete aliyozawadiwa na mama yake ikagoma kuvuka kifundo cha kidole. Baya zaidi, pasi za pembeni zikaanza kumpita. Mwenzake anatupa mpira, uwanja mzima unauona, yeye anashtukia umeshamgonga bega. Mashabiki wakazomea. Kocha akamwita ofisini, akafunga mlango.

"Umeridhika," alimwambia bila kupepesa macho. "Umeshiba sifa, sasa unavuta miguu. Mechi tatu utakaa benchi."

Kenchi alijichunguza moyoni asiuone huo uvivu, lakini mipira ilikuwa inampita kweli, na ushahidi dhidi yake ulionekana na watu elfu mbili. Taratibu akaanza kuamini kwamba amekwisha.

Wiki hiyo hiyo alikwenda kuchukua jozi mpya. Akavuta, akasukuma, akapiga mguu chini. Kisigino kikakataa katakata.

"Umekosea vipimo," alisema.

Fundi akanuna. Akamsimamisha juu ya karatasi, akauzungushia mguu penseli. Kisha akavuta droo, akatoa mchoro wa miaka minne nyuma, akaibandika yote miwili kwenye kioo cha dirisha, mmoja juu ya mwingine. Mstari mpya ulikuwa umeuzunguka wa zamani pande zote, kwa upana wa kidole.

Fundi hakutania. "Dada, una miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa."

"Basi huu mguu umekua bila ruhusa. Nenda hospitali, na hii michoro uibebe. Kiatu sikupi mpaka uende."

Alikwenda na mama yake. Daktari aliitazama michoro kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama mgonjwa. Akamwambia akazie macho pua yake, yeye daktari, halafu akachezesha vidole huku na huku pembeni. Kenchi hakuviona. Zikafuata damu, picha za kichwa, na siku tisa za kusubiri roho mkononi.

"Kuna uvimbe mdogo chini ya ubongo," daktari alisema, "kwenye tezi inayoendesha ukuaji. Ndio unaokuza mikono na miguu, na ndio unaobana mishipa ya macho."

"Ni saratani?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Tutautoa kupitia puani, fuvu hatuligusi. Ila mngechelewa, macho yasingerudi."

Kenchi akaangua kilio. Mama akamkumbatia kiunoni, ndipo alipofika. "Usiogope, mwanangu."

"Siogopi, mama. Kumbe sikuwa mvivu!"

Upasuaji ulimaliza asubuhi nzima. Alipozinduka pua ilikuwa imejaa pamba, kinywa kikavu, na nesi amesimama upande wa mlango. Alimwona bila kugeuza shingo.

Siku ya tatu kocha akaja, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Nilikuonea," alisema.

"Ulinionea kweli. Mimi sikuona pasi, wewe hukuona mgonjwa. Timu ilikuwa na vipofu wawili."

Kocha akacheka mpaka nesi akaja kuwanyamazisha.

Kenchi alirudi uwanjani baada ya miezi saba, akacheza misimu mitatu mingine, na magoti yalipoomba poo akaacha mwenyewe, kwa hiari yake. Sasa anafundisha timu ya wasichana, na kila mwaka anapima damu. Mwaka huu majibu yalipotoka safi alikwenda moja kwa moja nyumbani, akajinyoosha kwenye kochi, nusu yake ikabaki nje.

"Unaziba njia," mama alilalamika, sinia mkononi.

"Niruke, mama, si wanasema anayerukwa hakui?" alisema, akafumba macho, akalala.