Simu ilibadilisha "kik" ikawa "kick", nikakaribia kumpoteza mama. Rekebisheni keyboard zenu

Wakuu, salamu kutoka Migori.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si ya kuambiwa. Mama yangu yuko hai, Oyugis. Anayebisha aende amuulize, lakini ajue huyo mama habishiwi.

Kwanza mnijue. Niliacha shule darasa la sita. Leo nina workshop ya welding hapa Migori, na ukiona gate kali yenye simba wawili, uliza nani alichomelea. Sikufundishwa na mtu. Nilisimama nyuma ya fundi mmoja nikaangalia mikono yake, basi. Kuna watu wana diploma wanakuja kuniuliza jinsi ya kunyoosha chassis.

Nawaambia hivi ili mjue aliyekosea hapa si mjinga.

Sasa, kwa Dholuo, lugha yetu Wajaluo, tuna neno "kik". Maana yake ni usifanye. Kik idhi, usiende. Kik udhi, msiende. Herufi tatu tu, lakini ukizitoa, sentensi inageuka kichwa chini miguu juu.

Jumatano moja nilikuwa nyumbani Oyugis. Pikipiki yetu ya pale, rod ya brake ya nyuma ilikuwa imepasuka. Nikaunganisha, nikaishika kwa nukta mbili tu za welding ili kisha niichomelee vizuri pande zote. Stima ikapotea hapo hapo.

Nikangoja. Haikurudi. Nikasema nitamalizia wikendi, nikarudi Migori.

Sikumwambia mdogo wangu Owino. Ndiyo, nilisahau. Siku hiyo nilikuwa na mambo mengi.

Kesho yake asubuhi niko workshop, grinder tatu zinalia, nikakumbuka vitu viwili kwa pamoja. Kwamba leo mama ana appointment ya macho Kendu Bay. Na kwamba atakayempeleka ni Owino, na hiyo pikipiki.

Mnaojua barabara ya kutoka Oyugis kwenda Kendu Bay mnajua inashuka. Inashuka tena inashuka. Na brake ya mbele ya ile pikipiki ni ya kubembeleza, ya nyuma ndiyo kazi.

Rod yenye nukta mbili inakubali ukiikanyaga polepole. Ukiikanyaga kwa nguvu, inaachia.

Kupiga simu kwa kelele ile hakuna kusikizana. Nikavua glovu moja, nikaandika WhatsApp: Kik udhi.

Basi. Mimi message zangu ni fupi, sina muda wa hadithi. Nikituma neno, watu wanafanya.

Tick ikawa blue. Owino akajibu, "Sawa jaduong'," ndivyo ananiita, yaani mkubwa.

Nikarudi kwa kazi, roho imetulia. Yaani hata nilikuwa napiga mluzi.

Kama dakika kumi hivi nikashika simu nimwelezee sababu. Ndipo nikaona nilichotuma.

Kick udhi.

Wakuu, kidole changu ni kinene, kimeungua mara nyingi hata hakisikii vizuri kioo. Lakini safari hii kidole hakikukosea. Simu ndiyo iliona "kik" si Kiingereza, ikanisahihisha kama mwalimu.

Na kwa mtu wa pikipiki, kick ni nini? Ni kupiga kick iwake. Piga kick, mwende. Mkubwa amesema.

Nikapiga simu. Inalia, haishikwi. Nikapiga tena. Inalia. Mtu akiwa juu ya pikipiki, simu iko ndani ya jacket, hasikii.

Nikaandika message nyingine. Nikaandika "simameni", ikatoka kitu sikijui mpaka leo. Nikafuta. Nikaandika tena, ikabadilisha tena. Hapo ndipo nilijua mtu anaweza kuchukia keyboard kama adui wa damu.

Nikaruka kwa pickup. Hata sikufunga workshop. Ninaenda kufanya nini Oyugis na mimi niko Migori? Sijui. Siwezi tu kukaa.

Njiani nilikuwa nahesabu. Sasa wametoka sokoni. Sasa wako mahali inaanza kushuka. Mama anakaaga upande, leso kichwani, mkono mmoja kwa bega la Owino, mkono mwingine umeshika card ya hospitali. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu, hata shimo la barabara haoni ajishike.

Na ile welding ni yangu. Si ya mtu mwingine.

Nilikuwa nimefika Awendo, miwa huku na huku, simu ikalia. Owino.

Nikaegesha kando. Sikuishika mara moja. Niliiangalia ikilia, kwa sababu kabla sijaishika, mama bado yuko mzima. Mnanielewa?

Nikashika.

"Jaduong'," Owino akasema, "rod yako imekatika."

Nikaikandamiza simu sikioni.

"Jaduong', unanisikia? Imekatika hapa kwa petrol station. Na huyu mama yako amekataa kupanda."

Nikauliza, "Hamjashuka mteremko?"

"Tushuke na nani? Ameketi kwa jiwe tangu saa hiyo!"

Kumbe ilikuwa hivi. Walisimama kuweka mafuta mwisho wa mji, kabla ya mteremko. Mama akauliza, ndugu yako amesema nini leo? Owino akatoa simu akamsomea: "Kick udhi."

Mama akasema, "Soma tena."

"Kick udhi, mama. Tupige kick twende."

"Mimi sioni, nyathina, mwanangu, lakini masikio ninayo. Amesema kik udhi. Nishushe."

Wakuu, fikirieni. Yule anayeona aliisoma akakosea. Yule asiyeona aliisikia akapata sawa, kwa sababu kwa sikio, kick na kik ni kitu kimoja.

Owino akabishana. Akamwambia pikipiki haina shida, brake iko poa, hebu ona. Akaikanyaga kwa nguvu zote kumwonyesha.

Rod ikaachia, kipande kikaanguka chini kikilia kling.

Mama akaniambia kwa simu ya Owino, "Hiyo simu yako inakuuliza kabla ya kubadilisha maneno yako?"

Nikasema hapana.

"Basi ni mtu mbaya."

Alipelekwa Kendu Bay na gari la jirani, akafika amechelewa, akahudumiwa.

Mimi nikageuka. Lakini kabla ya kuwasha pickup niliingia settings pale pale kwa miwa. Niliangalia mpaka nikaielewa, kama nilivyoielewa welding. Ukienda kwa language and input, chagua on-screen keyboard, bonyeza ile unayotumia, kuna mahali pa text correction. Pale zima auto-correction. Suggestions unaweza kuacha, hizo zinapendekeza tu, hazilazimishi. Ongeza Kiswahili kwa languages. Halafu kuna personal dictionary, hapo niliingiza maneno yetu moja moja. La kwanza mnalijua.

Wenye vidole kama vyangu, tafuteni keyboard height, muweke ile ndefu kabisa. Muwashe pia key borders, kila herufi ikae na mpaka wake kama shamba. Na vibration, kidole kijue kimegusa. Siku hizi naandika bila kukosea, hata karani hanifikii.

Lakini settings si zote. Siku hizi naandika na sababu. "Kik udhi, rod ya brake haijaisha." Maneno manne zaidi tu yangemfanya Owino asipige ile kick. Na kabla sijatuma, nasoma kwa sauti. Hilo nimejifunza kwa mama.

Macho yake yalitibiwa. Nikamnunulia simu, nikamwekea keyboard vile vile. Jana nilimsomea huu uzi kwa simu kabla ya kuupost, kuanzia kwa gate za simba.

Akakata simu. Baadaye ikaingia message, ya kwanza aliyoandika kwa mkono wake:

Kik ipakri.

Yaani usijisifu. Na "kik" imekaa sawasawa, k-i-k.

Nani mwingine simu imemgeuzia lugha ya nyumbani? Andikeni hapa chini neno lenu, na lilivyogeuzwa. Na mwenye simu tofauti na yangu aseme auto-correction yake imefichwa wapi, kuna mama wa mtu anapanda pikipiki kesho.