Saa Saba Mchana, Hapatikani

Mama yetu alifariki nikiwa na miaka miwili, na aliyenilea ni dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na minne. Kwa hiyo kila ninachojua kuhusu mama kimepitia kwake, na sijawahi kukipata kwa wingi. Dada si mtu wa kusimulia. Ukimketisha kitini na kumuuliza mama alikuwa mtu wa namna gani, atakwambia, "Alikuwa mtu mzuri," halafu atauliza kama umekula. Lakini mpe gunzi la kupukuchua au maharagwe ya kuchambua, na mikono ikishashika kazi, maneno hutoka yenyewe. Hivyo ndivyo nilivyopata kujua kwamba mama alifunga majani ya tumbaku kwenye mabanda ya Malakisi, kwamba alifunga haraka kuliko wenzake wote, na kwamba vidole vyake vilikuwa na gundi nyeusi isiyotoka kwa sabuni. Mambo hayo matatu yalichukua miaka.

Mimi naishi Kitale, yeye yuko Bokoli. Kazi yangu ni kusimamia mashine ya kukausha mahindi katika ghala moja kwenye njia ya Endebess. Saa saba mchana mashine hupumzishwa kwa saa nzima, na wakati huohuo dada huwa amerudi kutoka shambani na ameketi mlangoni na ungo wake. Kwa muda mrefu tulizungumza saa hiyo. Alikuwa na simu ndogo ya vitufe, ile tunayoiita mulika mwizi, aliyoifunga kwenye pindo la leso kiunoni. Chaji yake ilikaa karibu wiki nzima. Mazungumzo mengi hayakuwa na maana yoyote: mvua, ng'ombe wa jirani, bei ya mbolea. Nilisikiliza hata hivyo, maana sikujua siku ambayo jina la mama lingetajwa.

Mwaka jana alianza kuniuliza jambo moja mara tatu katika simu moja. Nilimpeleka kliniki, Bungoma mjini. Daktari alimpima, akampa dada karatasi ya dawa, kisha akanivuta kando. Alisema kusahau huko kutaongezeka, na kwamba hawezi kunieleza kwa kasi gani. "Kama kuna mambo unataka kumuuliza," alisema, "usingoje."

Wiki ileile nilimnunulia simu kubwa ya kugusa. Nilitaka kumwona akizungumza, na nilitaka kurekodi. Nilipomkabidhi nilimwambia maneno ninayoyakumbuka vizuri, kwa kuwa baadaye nilirudi kuyatazama sana.

"Dada, hii ni kitu ya maana. Ichunge."

"Nitaichunga, papa," alisema. Wanawake wa kwetu humwita hivyo mtoto wa kiume waliyemlea, hata akiota mvi. Simu ndogo akampa mjukuu wake wa kike aliyekuwa akirudi shule ya bweni siku hiyohiyo.

Tangu hapo, saa saba mchana, nikawa nasikia sauti ya yule mwanamke wa kwenye mtambo wa simu akiniambia kwamba mteja wa nambari niliyopiga hapatikani.

Mimi ni mtu wa kuandika. Shule niliiacha kidato cha pili, na mengi niliyojua baadaye niliyapata kwa kusoma vitabu vya maelekezo ya mashine na kuandika kila ninachoona kwenye daftari. Mahindi yakitoka na unyevu usiofaa, daftari hunionyesha kosa lilianzia wapi. Kwa hiyo nilifungua ukurasa wa simu ya dada. Niliandika tarehe, saa, na neno "hapatikani". Kufikia mwisho wa mwezi neno hilo lilijaza safu nzima kasoro siku tatu.

Jioni alipatikana, simu ikiwa imechomekwa kwenye sola. Lakini jioni dada huwa amechoka, wajukuu wanapiga kelele, na mikono yake haina kazi. "Niko sawa, papa. Umekula?" Na mwisho wa maneno. Nilimuuliza simu inazima vipi mchana.

"Mimi najua? Asubuhi natoanga kwa sola ikiwa imejaa, ati mia moja. Nikirudi shamba, imekufa. Hii simu yako ni kama mtu mnene, inachoka bure."

Nilikwenda Bokoli Jumapili moja. Niliiweka simu mezani, nikafungua sehemu ya mipangilio inayoonyesha matumizi ya betri, nikapitia orodha jina kwa jina. Majina mengi niliyafahamu. Moja sikulifahamu: lilikuwa jina la huduma ya programu za papo hapo. Sikuwa nimeiweka mimi, na dada hakujua hata kuweka programu. Haikuwa na alama yake kwenye uso wa simu pamoja na nyingine. Ilikuja kutoka kiwandani, ikakaa humo kimya.

Nilisoma kuihusu kadiri nilivyoweza. Kazi yake si ngumu kueleza. Mtu akibonyeza kiungo, tuseme cha duka au cha mchezo, huduma hiyo inaweza kuleta kipande kidogo tu cha programu. Kipande kinafanya kazi iliyotakiwa na kuondoka, bila mwenye simu kupakua programu nzima na kujaza nafasi. Asipobonyeza kiungo chochote, huduma haina la kufanya, inalala. Dada hakuwa amebonyeza kiungo hata kimoja maishani mwake.

Hayo yote niliyaelewa siku hiyohiyo. Niliona pia kwamba matumizi yaliyoandikwa kando ya jina lake hayakufika hata asilimia moja. Niliyaona na sikuyaamini. Kitu ambacho hukukileta wewe, kisicho na uso, kinachoamka bila kukuomba ruhusa, ni rahisi sana kukiita mwizi. Nilihitaji mwizi. Nikaizima.

Simu ilikaa mezani siku nzima, nikiichukua na kuiweka, na hadi jioni ilikuwa imebaki na zaidi ya nusu ya chaji. Nilirudi Kitale nikiwa nimeridhika. Niliandika kwenye daftari: "Chanzo kimepatikana."

Jumatatu, saa saba: hapatikani. Jumanne vilevile.

Wiki zilipita. Nilimwelekeza dada jioni, kitufe kwa kitufe, azime hiki na kile, hadi akachoka nami. Katika wiki hizo alinipigia jioni moja akaniuliza mama anaendeleaje. Kisha akacheka kidogo na kusema, "Aa, nimechanganya," na akauliza kama nimekula. Hilo sikuliandika kwenye daftari.

Karibu na msikiti wa Kitale kuna mama mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza simu. Amejifunza kazi kwa macho kama mimi, na wateja wake humwita Fundi Mama. Nilimpelekea daftari, si simu, kwa kuwa simu ilikuwa Bokoli. Alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza wa pili, akaondoa miwani.

"Mzee, wewe umeandika kama polisi. Sasa mshukiwa ni nani?"

Nilimtajia ile huduma. Alicheka hadi mteja aliyekuwa akingoja naye akacheka bila kujua kwa nini.

"Hiyo? Bana, hiyo hata kwa hii yangu iko. Hailangi chaji. Wateja wote wakiona jina hawajui wanaishtaki hiyo. Ulifungua pale chini, mahali pa mtandao? Kuona ilikaa saa ngapi bila mawimbi?"

Sikuwa nimefungua. Nilisoma orodha ya programu, na mtandao si programu.

"Simu ikikosa mawimbi haitulii," alisema. "Inatafuta, inatafuta, inapiga kelele ile hatusikii. Hiyo ndio inamaliza chaji. Na ukiipigia, hapatikani hata kabla izime. Sasa niambie, mchana hiyo simu inakuwanga wapi?"

Nilifunua kurasa za daftari nikitafuta.

"Si umeandika kurasa nne?"

"Nimeandika."

"Na hujamuuliza mwenyewe anaiweka wapi. Haya, enda umuulize. Hiyo ni bure, mzee."

Ningeweza kumuuliza dada kwa simu jioni ileile. Lakini nilikuwa nimeshadanganywa na Jumapili yangu: siku niliyoitazama simu ilikuwa mezani kwa sababu mimi nilikuwa nimeiweka mezani. Safari hii nilitaka kuona bila kugusa. Jumamosi nikalala Bokoli.

Asubuhi, saa kumi na mbili, dada alichomoa simu kwenye waya wa sola. Aliipangusa kwa pindo la rinda, mbele na nyuma. Kisha akaenda kwenye kona ya chumba chake, akaondoa kitambaa cha kufuma, na chini yake nikaliona sanduku la bati.

Lilikuwa sanduku langu la shule. Ndilo nililokwenda nalo bwenini, na jina langu bado lilikuwepo kwenye kifuniko kwa rangi nyeupe iliyochubuka. Kwetu sanduku la mtoto aliyetoka shule halitupwi. Huwa la mwenye nyumba, na humo huwekwa kila ambacho hakitakiwi kuguswa na panya wala watoto: kitambulisho, kadi ya ubatizo, karatasi za shamba. Alilifungua kwa ufunguo uliokuwa shingoni mwake, akainama na simu mkononi.

"Dada, hapo ndipo unapoiweka?"

"Sasa niweke wapi? Si uliniambia nichunge?"

"Siku zote?"

"Siku zote. Mtoto hajaigusa hata moja. Uliza hapa."

Bati pande zote sita, na kufuli. Bokoli kwenyewe mawimbi ni haba. Kila asubuhi simu ilifungiwa mahali ambapo haikusikia chochote, ikatafuta hadi nguvu zikaisha, huku mimi Kitale nikipiga. Dada alikuwa ametii maneno yangu mwenyewe.

Nilianza kumweleza. Alinisikiliza nusu, akaendelea na kazi yake, na ndipo nilipoona alichokuwa akikifanya. Hakuiweka simu hivihivi. Alikuwa amefunua leso iliyokunjwa chini kabisa, ya rangi ambayo zamani ilikuwa nyekundu, na alikuwa anaizungushia simu kwa uangalifu kama mtu anayemfunga mtoto mchanga.

"Hiyo leso ni ya nani?"

"Ya mama."

Alisema hivyo kama anavyosema "ya jirani".

"Hujawahi kuniambia kuna leso ya mama."

"Hujauliza leso. Wewe unaulizanga alikuwa mtu namna gani." Alinitazama vizuri sasa. "Papa, unalia nini? Nimeharibu simu?"

Nilimwambia hajaharibu. Nilimwomba nishike. Alitoa simu, akanipa leso, na hakuondoa macho juu yake. Pembe moja ilikuwa ngumu, na mabaka meusi yaliyokauka. Niliyapitishia kidole.

"Ni tumbaku hiyo," alisema. "Alikuwa anapangusa mikono hapo kabla akubebe. Ati usilambe. Ulikuwa unalambanga kila kitu."

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini wa maisha yangu. Nilikuwa sijawahi kusikia jambo lolote ambalo mama alilifanya kwa ajili yangu.

Niliuliza kama ningeweza kwenda nayo Kitale.

"Hapana," alisema, akaichukua. "Hii inakaa kwa sanduku. Mimi nikienda, utachukua sanduku yote, si ni yako? Jina iko." Aliikunja katika mikunjo yake ya zamani, akafunga kufuli na kurudisha ufunguo shingoni.

Simu tuliiundia mahali pengine. Nilipiga msumari juu ya dirisha la jikoni, na yeye akatundika kikapu kidogo, mahali ambapo panya hafiki na mawimbi yanafika. Nilitaka pia kuirudisha ile huduma niliyoizima bila kosa, na nikairudisha. Haikubadilisha chochote, kama nilivyojua haingebadilisha. Kwenye daftari nilikata ule mstari wa "Chanzo kimepatikana" na kuandika juu yake: "Sikuuliza inakaa wapi."

Sasa saa saba anapatikana. Si kila siku ananijua mara moja. Wiki iliyopita aliuliza, "Wewe nani?" nami nikamwambia, naye akasema, "Basi sema hivyo." Nilimuuliza kuhusu ile leso, mama aliinunua wapi, aliivaa siku zipi. Alisema hakumbuki leso yoyote.

Nilimwambia afungue sanduku siku moja aitazame. Alisema sanduku ni la mtoto mmoja aliyekwenda shule, halifunguliwi ovyo, na kwamba mwenyewe akirudi atamkuta analichunga.

Sikumsahihisha. Niliisogeza simu karibu na sikio. Nilisikia punje zikianguka kwenye ungo, chache, kisha nyingi, kisha kimya wakati alipokuwa akichukua gunzi jingine. Nilikaa hivyo hadi saa nane, mashine ilipowashwa nyuma yangu. Hakuna aliyekata.