Siku Niliyomnunulia Papa Amisi Rili ya Mkono Mwingine

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Yeoville, hapa Johannesburg, maana kule saluni habari zinasukwa pamoja na nywele: ndiyo, ni mimi niliyemvua kofia baba yake Furaha mbele ya wenzake, tena kwa ndoano, halafu nikaitupa bwawani. Chekeni kwanza. Mkimaliza niambieni niendelee.

Mimi Athumani, mtu wa Tanga, nauza makava ya simu Jules Street, kule Malvern, na ugonjwa wangu tangu shule ni mmoja tu, haraka. Mtihani nilikuwa namaliza wa kwanza darasa zima na matokeo yakija naanza kutafuta jina langu kwa chini. Robot (taa za barabarani, huku ndiyo jina lake) ikiwa nyekundu mimi nahisi inanionea mimi peke yangu. Sasa mtu wa namna hiyo akampenda Furaha, anayesuka kwenye saluni ya mama yake Yeoville, na ukitaka kumwoa Furaha lazima umsubiri Papa Amisi, na Papa Amisi ni mtu ambaye hajawahi kukimbilia kitu chochote tangu azaliwe Uvira, Kongo, kando ya ziwa.

Nilishakula kwake mara tatu. Mara zote tatu nikatupia neno la kutuma wazee walete barua, na mara zote tatu akajibu, "Tutaona." Hakasiriki, wala hakatai, anaendelea tu kumega bugali. Mimi kila nikirudi Malvern silali, nawaza hii "tutaona" ina mwisho au haina?

Halafu siku moja Furaha akanipigia anaongea kwa kunong'ona. "Papa anasema Jumamosi uende naye bwawani, kuvua."

"Mimi?"

"Weye. Na usikose. Yule kijana wa kwanza aliyekuja kuniposa, Papa alimpeleka bwawani vilevile. Waliporudi akasema huyu hapana, na ikaisha."

"Alikosea nini?"

"Hatujui mpaka leo."

Basi mnaona wenyewe mzigo niliokuwa nao. Jumamosi ile ikienda vizuri, wazee wangu wanapeleka barua. Ikienda vibaya, mimi na Furaha ndiyo basi tena.

Kwetu huendi kwa baba mkwe mikono mitupu (hata kama bado hajakubali kuwa baba mkwe, ndiyo kabisa usiende mikono mitupu), na Furaha alishanidokeza kwamba rili ya baba yake imezeeka, inalia kama mlango. Rili, kwa msiojua kama mimi nilivyokuwa sijui, ni ile mashine inayokaa kwenye fimbo ya kuvulia, inabeba uzi, unaizungusha kwa mkono kuvuta samaki. Ningeweza kumuuliza Furaha, anataka ya aina gani? Swali moja tu. Lakini nikasema hapana, iwe sapraizi. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Nikaingia duka la vifaa vya uvuvi Ijumaa baada ya swala. Kumbe rili ziko ukuta mzima, jamani, kama viatu! Muuzaji alikuwa mzee wa Kizungu, kaptura, soksi mpaka magotini, mpole sana. Akaniuliza huyo mzee anavua nini, nikasema kambale wakubwa, anarusha chambo cha plastiki kile kizito chenye ndoano tatu, anakivuta, anarusha tena. Akatoa rili mbili. Ya kwanza inaning'inia chini ya fimbo, akasema hii hata mtoto anaweza. Ya pili ni ya duara, inang'aa, inakaa juu ya fimbo, ndogo lakini nzito mkononi kama saa ya mtu tajiri. Akasema hii ndiyo ya kurushia vitu vizito, ina nguvu, ila inataka ujifunze, kwa sababu ukirusha lile gurudumu la uzi linazunguka lenyewe, usipolizuia kwa dole gumba linaendelea kuzunguka hata chambo kikishasimama, na uzi unafumuka wote.

Mimi macho yalishabaki kwenye ile inayong'aa.

"Mkono gani?" akauliza.

"Mkono gani wa nini?"

Akanieleza taratibu. Rili hizi za juu mpini wake umewekwa kiwandani upande mmoja, hauhamishiki. Mtu anayeshika fimbo kwa mkono wa kulia anachukua yenye mpini kushoto, na anayeshika kwa kushoto anachukua yenye mpini kulia. "Kamuulize kwanza," akasema. "Au mpigie simu, nitakusubiri."

Nimpigie Papa Amisi? Na sapraizi yangu? Isitoshe jibu nilikuwa nalo. Mara tatu nimekula na mzee yule sahani moja, anakula kwa mkono wa kulia kama Mwislamu yeyote, na nimemwona akisaini daftari la msikiti kwa kulia. "Wa kulia," nikamwambia. "Uhakika kabisa. Nipe yenye mpini kushoto."

"Nikuonyeshe kidogo namna ya kuweka breki na dole gumba?"

"Aa, mimi natoka pwani," nikasema, eti. Wallahi nikasema hivyo! Mimi baharini nimeshika jembe la kuchezea mchanga tu.

Jumamosi nikavaa suruali nyeupe. (Msiniulize. Nilitaka nionekane.) Tulikwenda kwa pikapu ya rafiki yake Papa Amisi, mzee Kitenge, na mwenzao mwingine wanayemwita Fundi. Mama Furaha na Furaha walikaa nyuma na masufuria ya sombe, kisamvu chao, na samaki wakavu. Tukafika, wakatandika mkeka, na mimi sikuweza kusubiri hata chai, nikatoa boksi.

"Papa, zawadi yako ndogo."

Papa Amisi akafungua polepole, karatasi hakuichana, akaikunja kabisa akampa mkewe. Alipoiona rili akaiinua juani. Akaigeuza. Nikaona macho yanang'aa na moyo wangu ukapanda. Fundi akapiga mluzi. "Amisi, ile ni kitu ya bakubwa!"

Mzee akaifunga kwenye fimbo yake, tukavuta uzi mpya ndani, akatia chambo, akainuka, akaishika fimbo.

Kwa mkono wa kushoto.

Mkono wake wa kulia ukaenda kutafuta mpini, ukapapasa hewa, ukarudi. Ukapapasa tena. Mama Furaha ndiye aliyesema. "Eh, Athumani. Haukuuliza?"

"Lakini anakula kwa kulia!" Ilinitoka hivyo hivyo, kwa sauti, mbele ya wazee.

Wakacheka mpaka ndege wakaruka majanini. Papa Amisi mwenyewe ndiye aliyenieleza, bila hasira. "Kijana, mimi nimezaliwa wa kushoto. Baba yangu alinipiga mpaka nikakula kwa kuume. Mwalimu akanipiga mpaka nikaandika kwa kuume. Lakini mu maji hakuna mutu alinifuata kunipiga. Mu maji nilibaki na mkono yangu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Na yeye, kwa ustaarabu wake, hakutaka zawadi yangu ionekane haina kazi, akajaribu. Akaipindua fimbo chini juu ili mpini uje kulia, rili ikaning'inia kichwa chini, na kila akizungusha ikabidi azungushie nyuma.

"Amisi anasaga kahawa!" Kitenge akapiga kelele. "Mama Furaha, leta maji, kahawa iko tayari!"

Nikaona mzee wa watu anachekwa kwa ajili yangu, na badala ya kukaa kimya kama mtu mwenye akili, nikaruka. "Papa, leta, nikuonyeshe inavyofanya kazi."

Furaha alinitazama. Kichwa alikitikisa kidogo sana, hivi, usifanye. Nikafanya.

Nikasimama ukingoni, nikajipanga kama nilivyoona kwenye simu, nikabonyeza kile kitufe cha kuachia uzi, nikaipeleka fimbo nyuma kwa nguvu zangu zote halafu mbele kwa nguvu zaidi, na nikahisi kitu kizito kidogo kuliko nilivyotarajia kikiondoka na uzi, nikasema moyoni, hii sasa ndiyo imeruka! Ikaruka kweli. Juu ya maji nikaona chambo changu kinapaa, na juu ya chambo, imefunguka kama mwavuli, kofia ya Papa Amisi. Ile ya kudariziwa. Ile ambayo kaka yake alimletea kutoka Hija.

Dole gumba? Lilikuwa hewani, limesimama kama la mtu anayesema sharp, mambo safi. Rili ikalia vrrrrr, uzi ukafumuka, ukajaa, ukamwagika kwenye mikono yangu kama nywele za mtu aliyeamka na homa. Kofia ikatua mbali, ikaelea. Nikazungusha mpini, haukuzunguka. Nikageuka nyuma polepole.

Papa Amisi alikuwa ameweka viganja vyote viwili kichwani. Upara wake uling'aa juani, na mimi nadhani hata Furaha alikuwa hajauona tangu yuko mdogo, maana aliziba mdomo kwa mtandio.

"Kofia," alisema Papa Amisi. Neno moja.

Nikaingia majini na suruali nyeupe. Mpaka magotini, mpaka kiunoni, tope linanivuta viatu, kiatu kimoja kikabaki huko huko, Mungu akipokee. Nikaikamata kofia, nikatoka nayo nimeishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai, nikapiga goti mbele yake pale ukingoni, maji yananitiririka, na bado nimefungwa kwenye uzi. Nilishajua imeisha. Nilikuwa nawaza tu nitarudije Malvern.

Fundi akanipa kisu. "Kata huo uchafu, kijana, tuendelee."

Nikakipokea (haraka yangu ilishakata tayari), lakini Papa Amisi akasema, "Apana. Uzi ni mupya. Afungue."

"Yote, Papa?"

"Yote. Siku bado ndefu."

Nikakaa kwenye mkeka na lile fundo. Dakika ya kwanza nilivuta, likakaza. Nikavuta upande mwingine, likakaza zaidi. Mama Furaha akanitazama mpaka akashindwa, akatoa kwenye mkoba kile kitana chake chenye mkia mrefu mwembamba, akaninyang'anya.

"Weye unataka kung'oa batu nywele? Unaanza kwa ncha. Unaingiza mkia hapa, unalegeza, haukokoti. Ikikataa unaiacha, unaenda fasi ingine. Furaha, njoo ushike gurudumu."

Sasa nataka mnielewe. Mimi na Furaha, mbele ya baba yake, hatujawahi kukaa karibu hata siku moja. Na sasa amekaa mbele yangu, magoti kwa magoti, ameshika rili, mimi nina kitana, mama yake katikati anaamrisha. Tulifungua pete moja moja. Jua likahama. Furaha akaanza kucheka chinichini, kila akiniangalia suruali anaanza upya, mwisho na mimi nikacheka, na Mama Furaha akasema, "Kazi!" huku na yeye mabega yanamtetemeka. Sikuwahi kuwa na saa tamu kama zile, na nilikuwa nimelowa, kiatu kimoja, nanuka bwawa.

Papa Amisi alivua kwa rili yake kuukuu inayolia kama mlango. Akapata kambale wawili. Kila baada ya muda alikuwa anageuka kutuangalia, halafu anarusha tena.

Uzi ulipokwisha kufunguka wote, bila kukatwa hata mahali pamoja, nikampelekea. Akaupitisha kati ya vidole, mita kwa mita, anatafuta kosa.

"Ulisema utanionyesha kurusha?"

"Nilisema, Papa."

"Unajua?"

"Sijui."

"Na mkono?"

"Nilidhani naujua. Sikuuliza."

Akaurudisha uzi kwenye gurudumu, taratibu. Mimi nikasubiri (mimi!). Halafu akaniwekea rili mkononi, mkono wa kulia, ikakaa vizuri kabisa. "Hii ni ya mkono yako. Jumamosi ingine utakuja nayo, nitakufundisha dole gumba. Na Jumapili wazee wako balete barua."

Nikafungua mdomo.

"Weye ubaki kwenu," akasema. "Wakikuleta utaharakisha mambo."

Kitenge akapiga vigelegele kama mwanamke. Mama Furaha akasema sombe inapoa. Furaha alikuwa ameangalia maji, lakini sikio lake lilikuwa linacheka, kama sikio linaweza.

Barua ilikwenda, ikajibiwa. Mjomba wangu aliyeipeleka anasema Papa Amisi aliisoma mara mbili, taratibu, mpaka chai ikapoa, halafu akasema neno jingine kabisa, si "tutaona". Na mimi nimeapa: sinunui tena kitu cha mtu kwa kudhani, hata kama nimekula naye sahani moja mwaka mzima. Juzi nilikwenda kutafuta pete, na kabla sijaingia dukani nikampigia Furaha kumuuliza kidole. Halafu nikampigia kuuliza mkono. Halafu rangi. Halafu kidole tena, kuhakikisha. Akasema nikipiga mara ya tano anaghairi.