Maganda ya Ndizi Yaliyoshika Risasi

Kosa langu kubwa la mwanzoni lilikuwa hili: nilimwaga sumu kwenye shamba la migomba la mama yangu mdogo, nikiwa nimevaa glavu safi na nimejiridhisha kabisa.

Mdogo wangu, uliyeniuliza uanzie wapi kusafisha maji kwa maganda, anzia hapo.

Mimi ni mtoto wa kijijini Ntobeye, na kemia niliisoma peke yangu, kwenye simu na vitabu vya kuazima. Ukijifundisha mwenyewe unaishi na wasiwasi, maana hakuna wa kukusahihisha. Mama mdogo anaishi Biharamulo, jirani na karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Maji ya huko huingia kwenye kijito anachonyweshea mchicha, na mchicha huo ndio wanaokula wanawe.

Nilikuwa nimesoma kwamba ganda la ndizi likikaushwa, likatwangwa na kuoshwa vizuri, hushika risasi iliyomo kwenye maji. Sisemi risasi ya bunduki. Ni ile metali nzito inayoharibu ubongo wa watoto. Mpaka leo nastaajabu. Kitu tunachomtupia mbuzi kinaweza kunasa sumu ambayo jicho halioni.

Nilijaza maganda kwenye pipa, nikapitisha maji ya kijito polepole, nikapeleka maabara sampuli za kabla na baada. Majibu yalionyesha risasi imepungua sana. Niliyasoma tena na tena nikitafuta nilipokosea, ndivyo nilivyo.

Kisha nikamwaga maganda yaliyotumika. Kwetu hakuna anayetupa ganda. Kila ganda hurudi kwenye shina la mgomba kuwa mbolea. Mikono ilikwenda yenyewe.

Mama mdogo akaja, jembe begani. "Maji yametakata, mwalimu?" Aliniita mwalimu kwa kunitania.

"Hayajawa ya kunywa, mama. Ila risasi nyingi imetoka."

"Imekwenda wapi? Maana sikuiona ikipanda basi."

"Iko kwenye maganda. Imeng'ang'ania humo," nikamjibu kwa majivuno, huku nikikung'uta ndoo ya mwisho shinani.

Ndipo nikasikia nilichosema. Naye alisikia. Nikaanza kuomba radhi, nikarudia, nikarudia tena.

"Nyamaza, lete koleo," akasema. "Utalia tukimaliza."

Tulizoa maganda yote pamoja na udongo wa chini yake, tukatia kwenye magunia. Mgomba ule ulibeba mkungu aliokuwa anautunza kwa ajili ya komunyo ya kwanza ya mwanawe.

"Huenda haijafika juu, mama. Ni leo tu."

"Huenda," akarudia, akaukata mkungu kwa panga. Hakumpa hata mbuzi. Siku ya komunyo wageni walikula wali na maharage, na mtu alipouliza ndizi ziko wapi, alijibu kwamba mwaka huu migomba yake ina maringo. Hakunitaja. Nimesoma kurasa nyingi tangu hapo, lakini sijakutana na akili iliyonivutia kama ile, ya mtu kukubali hasara kwa sababu ya "huenda" inayoweza kumdhuru mtoto.

Kwa hiyo sikia, mdogo wangu. Ganda haliui sumu, linaihamisha tu. Linafanya kazi ya ajabu, na kazi hiyo haijaisha mpaka ganda lenyewe liwekwe mahali ambapo mizizi, mbuzi na mvua havilifikii. Usiamini maji kwa kuyaangalia, yapeleke yakapimwe. Na ukikosea, sema mapema, halafu ushike koleo.

Mungu akulinde, aibariki mikono yako, akupe watu wa kukuuliza maswali bila kukudharau.

Siku hizi maganda yangu yaliyotumika hukaa kwenye mapipa yenye vifuniko, juu ya sakafu ya saruji, mpaka wataalamu wa taka za sumu wayachukue. Mama mdogo ananyweshea mchicha maji ya mvua, na mimi sipitishi maji kwenye ganda lolote kabla sijajua litaishia wapi.