Suruali Nyeusi ya Kwenda Kitale

Mama aliacha kuniamini na pesa za nguo siku niliporudi nyumbani na koti la theluji. Alikuwa amenituma nikanunue kaptura mbili na slipa. Tunakaa Lodwar, mahali ambapo ukiegemea ukuta wa mabati saa nne asubuhi unaacha ngozi yako pale. Mwenye kibanda aliniambia koti lile lilikuwa la mtu aliyepanda milima ya Ulaya, na mimi, badala ya kujiuliza kwa nini huyo mtu hakulitaka tena, nilijiona nimesimama mbele ya wasichana wa kidato cha pili, zipu imefika kidevuni. Nililivaa kutoka sokoni hadi nyumbani. Nilifika nimelowa kama mtu aliyetolewa mtoni. Mama hakupiga kelele. Alilichukua, akalitandika kwenye kona ya zizi, na mwanambuzi akalala juu yake. Mpaka leo yule mbuzi anavaa vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo muhula huu, mwalimu wa kwaya alipotangaza kwamba tunakwenda Kitale kwenye mashindano, na kwamba asiye na suruali nyeusi, shati jeupe na viatu vyeusi asijisumbue kuamka siku ya safari, nilijua kwamba sauti yangu haitanisaidia. Suruali za sare yetu ni kaki. Suruali nyeusi sijawahi kuwa nayo maishani. Na Kitale nilikuwa naitaka kwa namna ambayo sikuweza kumwambia mtu. Sijawahi kuvuka Lokichar. Wenzangu waliokwenda mwaka jana walirudi wakisema eti huko watu hufunga madirisha kwa sababu ya baridi, eti mahindi yamesimama pande zote mbili za barabara, marefu kumshinda mwalimu mkuu, eti nyasi zinaota bila mtu kuziombea. Niliwashuku wote. Nilitaka kwenda mwenyewe niwakamate na uongo wao.

Mama alinipa elfu moja na nauli, akanishika kidevu.

"Unaenda Kakuma kwa shangazi yako. Yeye anajua nguo. Wewe kazi yako ni kubeba. Umesikia?"

"Na nikiona kitu kizuri?"

"Funga macho."

Shangazi ni dada mkubwa wa marehemu baba. Anauza chai na mandazi pembeni mwa soko la Kakuma, upande wa kambi ya wakimbizi, na watu wote pale wanamjua, Waturkana, Wasomali, Wakongo, mpaka polisi. Nilianza kumshuku tangu dakika ya kwanza, kwa sababu alifurahi sana kuniona. Shangazi huwa hafurahi. Ukimsalimia "ejok" anakuangalia kwanza kama anayetafuta mahali ulipoficha shida uliyomletea. Siku ile alinipa mandazi mawili ya bure na chai yenye maziwa. Nikajiuliza, huyu anataka nini?

"Simama nikuone," akaniambia. Nikasimama. "Toa hiyo saa. Toa na hiyo kofia."

"Saa haifanyi kazi, shangazi."

"Mwenye duka atajua haifanyi? Ataona saa, ataongeza mia. Na usitembee hivyo."

"Hivyo vipi?"

"Kama mtoto wa mbunge."

Akanipaka vumbi kidogo kwenye shati, nasema kweli, kwa mkono wake mwenyewe, kisha tukaingia sokoni. Raundi ya kwanza ilikuwa ya kutazama tu, mikono nyuma, kama wakaguzi wa shule. Hakuna kugusa, hakuna kuuliza bei. "Ukiuliza bei umeshasema unataka," alinong'ona. Nikitazama kitu zaidi ya mara moja ananifinya. Nilifinywa mara nne kabla hatujafika kibanda cha tatu.

Raundi ya pili ndipo aliponifundisha kushuku, na hapo nakiri nilifurahi, maana kushuku ni kipaji changu. Kumbe nguo ina mambo mengi ya kuficha. Shati lililotundikwa mbele ya kibanda limekaa juani wiki nzima, na jua letu limekunywa rangi yote ya mabega. Ukilikunjua utaona mwili ni wa shati moja na mabega ni ya lingine. Kwa hiyo usinunue la mbele, ingiza mkono chini ya rundo. Nguo iliyoanikwa kwenye ua wa miti ya mathenge ina vitundu vya miiba, huvioni mpaka uinue nguo juu ulitazame jua kupitia ndani yake. Kola iliyochakaa huwa inageuzwa na kushonwa upya. Zipu unaipandisha na kuishusha mara tano, kwa sababu zipu mbovu hujikaza mara tatu za kwanza. Na kwapani unanusa.

"Ninuse kwapa la mtu nisiyemjua?"

"Utalivaa la mtu usiyemjua, kunusa ndiyo unaona aibu?"

Suruali haijaribiwi pale sokoni, hakuna mahali pa kuvulia. Unakishika kiuno chake kikiwa kimefungwa vifungo, unakizungusha shingoni. Ncha zikikutana nyuma, itakutosha. Nilizungushiwa suruali shingoni mbele ya wasichana watatu wenye sare, wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Nikawaambia nanyongwa kwa kosa la uzuri. Shangazi akanifinya.

Kibanda cha tano kilikuwa cha kijana mwenye kipaza sauti. Alikuwa na suruali nyeusi, nyeusi kabisa, nyeusi ya kwaya, na bei yake ilikuwa ndogo mno. "Brathe, hii ni mpya, haijavaliwa, nakupea ukiwa wa kwanza!" Moyo ulinipasuka. Nikatazama mara moja, mara mbili, finyo. Shangazi akanisukumia ile suruali.

"Lamba kidole. Sugua kwenye mshono, kwa ndani."

Nikasugua. Kidole kikatoka cheusi kama cha mtu aliyetoka kupiga kura. Ilikuwa suruali ya zamani iliyochovywa rangi juzi. Ningeivaa kwenye joto la Lodwar kwa nusu saa, ningekuwa mweusi hadi kwenye soksi.

"Nimepiga kura, boss," nikamwambia, nikimwonyesha kidole. "Sikukuchagua."

Hakucheka. Ila shangazi alicheka, kidogo, kwa pua. Ndipo nikaona nimeiva.

Shida ni kwamba ukishafundishwa kushuku, huwezi kuambiwa uishie kwenye nguo. Baada ya pale shangazi alianza kupita vibanda bila kutazama. "Huku hakuna kitu," anasema, na macho yako mbele. Kulikuwa na kitu! Niliona suruali nyeusi mbili kwa macho yangu. Tukakata kona, tukafika kwenye kibanda cha mama mmoja Mkongo chenye turubai la buluu. Kigoda kilikuwa tayari kimepanguswa. Sasa nikaanza kuhesabu mambo. Kwanza, kigoda. Kisha mama yule hakumuuliza shangazi anataka nini, akavuta moja kwa moja suruali nyeusi kutoka chini ya meza. Halafu wakaanza kubishana bei, lakini walibishana kama watu wanaosoma mchezo wa kuigiza darasani.

"Mia sita, ma chère. Iko ya muzuri sana."

"Mia sita! Unataka nikuuzie na huyu mtoto?"

"Tano na hamsini basi. Juu yako."

"Mia tano, na unaniua."

"Aya, mia tano. Kwa sababu ni wewe."

Mara mbili tu na wamefika! Shangazi ambaye hubishana na muuza nyanya hadi nyanya zinaiva zaidi. Na chini ya meza, karibu na mguu wa yule mama, kulikuwa na blauzi ya maua mekundu, imekunjwa vizuri, peke yake, kwenye karatasi ya kaki. Shangazi aliitazama mara mbili. Mimi nilifundishwa na nani kwamba mara mbili ni kutaka?

Suruali ilikuwa nzuri. Nililamba kidole, nikaisugua, nikaiinua juani, nikaizungusha shingoni. Haikuwa na kosa nililoliona. Lakini mia tano ikitoka, pesa za shati na viatu hazitatosha, na bila viatu ningebaki Lodwar nikiwasikia wenzangu wakirudi na uongo wa mahindi kwa mwaka wa pili. Nikauliza kwa sauti ya heshima kabisa, ile ninayotumia na padri.

"Shangazi, huyu mama anakupa nini ukimletea mtu?"

Soko lote halikunyamaza, ingawa ningependa kusema lilinyamaza. Walionyamaza ni wao wawili. Mama Mkongo alitazama turubai lake. Nilijiandaa kufinywa mahali papya.

Shangazi akaweka mikono kiunoni. "Ananipa nguo moja belo la mitumba likifunguliwa. Kamera, ile ya kwanza kabisa, kabla watu hawajachagua. Kwani ulidhani navaa nini? Mandazi?"

"Ile ya maua?"

"Ile ya maua."

Hakuona aibu hata kidogo. Mimi ndiye niliyeanza kuona aibu, lakini nikaiweka kando, Kitale ilikuwa mbele yangu. Nikamgeukia mwenye kibanda.

"Mama, mimi leo sikuletwa. Nimetoka Lodwar na miguu yangu mwenyewe. Kama sikuletwa, hakuna wa kupewa blauzi. Rudisha blauzi kwenye rundo, mimi nipunguzie bei yake."

Mama Mkongo alipiga makofi, akacheka mpaka machozi. "Eeeh! Huyu petit! Huyu mutoto yako ni wa hatari, mama!" Akainama, akaichukua blauzi kutoka kwenye karatasi, akaikung'uta, akaitupa juu ya rundo na nyingine. Suruali ikashuka hadi mia tatu na nusu, na shati jeupe lenye mabega yake kamili akaniongezea kwa mia na hamsini.

Shangazi alitazama ile blauzi ikiangukia juu ya fulana za mpira, kisha akatangulia kuondoka. Nilimfuata na mzigo wangu. Nilimwita mara mbili, hakugeuka. Tulipofika kwenye viatu akasimama mbali, mikono ameifunga kifuani.

"Nunua mwenyewe, profesa."

Nilinunua mwenyewe, na nilikuwa naogopa, si mchezo. Nilivikunja viatu soli ikakutana na kisigino, nikaona jozi ya kwanza imebandikwa kwa gundi tu, nikaiacha. Nikaweka mkono ndani hadi kwenye vidole kutafuta msumari. Nikauliza bei nikiwa nimeshageuka kuondoka. Mwishowe nilipata vyeusi vya kamba, vizito, vya mtu aliyekuwa na mguu wa heshima. Nilimpelekea shangazi. Akabonyeza soli kwa kidole gumba, akanusa, akanirudishia.

"Twende tule," akasema. Mandazi ya jioni nilikula moja, na nililipia.

Ukaguzi wa kwaya ulikuwa Jumatano, siku moja kabla ya safari. Tulijipanga nje ya bwalo. Mwalimu alipita na daftari, akitazama magoti na viatu, akiweka vema. Alipofika kwangu akasimama. Akashika kitambaa cha suruali yangu kwa vidole viwili.

"Umetoa wapi hii?"

"Kakuma, mwalimu. Nimenunua."

"Hii ni suruali ya mkurugenzi. Wewe umenunua na nini?"

Nikaona jina langu kwenye daftari lake. Majina yote yalikuwa kwa kalamu. Langu lilikuwa kwa penseli.

Mambo yalikuwa hivi: muhula uliopita suruali nyeusi ya mwalimu wa kemia ilipotea kwenye kamba ya kuanikia, na mimi, kwa sababu siwezi kukaa na kichekesho tumboni, nilisimama kwenye gwaride nikaomba dakika moja ya kimya kwa ajili ya marehemu. Watu walicheka wiki nzima. Sikuichukua. Lakini ungekuwa mwalimu, ungemshuku nani?

"Ya mwalimu wa kemia ilikuwa na magoti yaliyochoka," nikasema. Kikundi cha soprano kikacheka. Mwalimu akashika kifutio.

"Risiti iko wapi?"

"Mtumba hauna risiti, mwalimu. Mpigie shangazi. Tafadhali."

Ile "tafadhali" ilitoka bila utani wowote, na nadhani ndiyo iliyomfanya atoe simu. Akaiweka kwa sauti kubwa ili wote wasikie. Shangazi alipokea akiwa katikati ya kukaanga, mafuta yalisikika. Mwalimu akajieleza. Mimi nilikuwa nasali. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ile, na nilijua nilichomfanyia.

"Suruali?" shangazi akasema. "Naijua. Mwalimu, ingiza mkono mfuko wa nyuma, ule wa kushoto. Ugeuze nje. Utaona umetiwa kiraka cha kitambaa cha kijivu, kimeshonwa kwa mkono, kwa uzi wa buluu. Ni kazi ya mtu wa huko ilikotoka. Na ndani ya mguu wa kulia, pindo limeshushwa, kuna mstari wa pindo la zamani. Huyo mtoto hajaviona. Anajifanya anajua kukagua."

Mwalimu akageuza mfuko. Kiraka cha kijivu, uzi wa buluu. Akachuchumaa, akakunjua pindo. Mstari ulikuwepo. Nilikuwa nimeishika suruali ile, nimeisugua, nimeitazama juani, nimejivika shingoni, na sikuwa nimeona hata kimoja. Yeye aliviona vyote wakati ule ule nilipokuwa nikimwangalia yeye.

"Na mwizi ni mwizi," shangazi akaendelea, "lakini si wa suruali. Aliniibia mimi. Blauzi ya maua."

Kwaya nzima ikacheka, besi, tenori, wote. Mwalimu alikaza uso, ukamshinda. Akafuta penseli, akapuliza vumbi la kifutio, akaandika jina langu upya kwa kalamu.

"Amekubaliwa?" sauti ya shangazi ikauliza.

"Anakwenda, mama."

"Basi mwambie huko asikae chini popote kabla hajaimba. Nyeusi haifichi vumbi." Kisha mafuta yakalia kwa nguvu, na simu ikakatika.