Mchakamchaka Ndani ya Wingu

Sifa zimrudie Mungu, aliyenipa pumzi bila kuniuliza nitaifanyia nini, na mpaka leo hajachoka kuniongezea.

Mwezi uliopita nilianguka mlangoni, goti likagoma. Kijana wa mazoezi ya viungo hospitalini aliniamkia, "Shikamoo Bibi," na kabla sijamaliza kuitikia alikuwa ameshaushika mguu wangu. "Inua. Shusha. Tena." Kila nilipoinua nilisema, "Asante, Bwana." Akacheka: "Bibi, wenzako humu wananitukana, wewe unashukuru?" Nikamjibu ni mazoea ya zamani. Hakuuliza zaidi. Wewe nitakusimulia.

Nililelewa na bibi yangu kando ya Ziwa Nyasa, si mbali na Liuli, kwa kuwa wazazi wangu walikuwa juu milimani Mbinga kwenye kahawa. Shule yetu ilikuwa jirani na mchanga. Kila asubuhi, kabla ya kufagia uwanja, tulikimbia mchakamchaka mpaka kwenye miamba na kurudi, kiongozi akiimba, sisi tukiitikia, mchanga wa baridi ukiuma vidole. Tukirudi, mwalimu wa michezo, mtu mpole aliyechechemea tangu utoto, alitusimamisha mkono kifuani. "Mguu uliokimbia haukujiumba," alisema. "Mshukuruni aliyeuumba." Watoto wa shule nzima tukanyamaza, hata kikohozi hakuna. Wavuvi waliokuwa wakipita walishusha sauti kama watu wapitao makaburini.

Bibi hakuyapenda mambo hayo. Alinipokea na jembe mkononi. "Unamkimbia nani? Mbuzi akikimbia hivyo tunasema kamwona chui."

"Mwalimu anasema ni afya, Bibi."

"Afya! Haya, ipeleke kwenye magugu ya mihogo."

Asubuhi moja, tukiwa tumesimama kimya hivyo, tuliona moshi umesimama juu ya maji, mweusi, mrefu, bila moto chini yake. Mgeni angeogopa. Sisi tulijua ni wadudu wa ziwani, wadogo kuliko mbu, wanaopanda juu kwa wingi usiohesabika. Upepo ukiwaleta nchi kavu, kina mama huwanasa kwa vikapu, wakawaponda na kukanda mikate myeusi yenye ladha ya dagaa na udongo. Lakini ndani ya wingu lile hupumui. Wanakujaa puani na kooni. Siku hiyo upepo ulikuwa na haraka. Na kule kwenye miamba, peke yake, bibi yangu alikuwa akiosha mihogo aliyoiloweka. Bibi alikuwa na pumu.

Tulimwona akijiinua. Kisha hatukumwona.

Sikungoja ruhusa. Nyuma yangu mwalimu alipaza sauti, "Funika pua!" Nikavuta gauni usoni, nikaingia. Ndani jua liligeuka rangi ya udongo. Sauti ya mawimbi ikakatika. Ukabaki mvumo mwembamba, kama watu wengi wanaosali kwa kunong'ona chumba cha pili. Nilifumba macho nikakimbia kwa mwendo ule ule wa kila siku, maana miguu iliijua njia. Hapo nikasikia miguu mingine, upande wa ziwa, ikikanyaga sawasawa na yangu. Nikipunguza, nayo inapunguza. Sikuogopa. Nilidhani mwenzangu mmoja amenifuata.

Nilimkanyaga bibi kabla ya kumwona. Alikuwa amekaa majini, kanga usoni, kifua kikipiga filimbi. Nikapitisha mkono wake begani kwangu, nikamvuta kupanda mteremko mpaka tukapata hewa. Nilikuwa mtoto, naye alikuwa mtu wa mwili. Upande wangu alinilemea. Upande wa pili alikuja kama aliyeshikwa.

Wingu lilipopita niliwauliza wenzangu ni nani aliyenifuata. Wakatazamana. Hakuna aliyetoka mstarini. Mwalimu alikuwa amewazuia kwa mikono yote miwili. Akasema labda ni mwangwi wa miamba. Tulikwenda kutazama. Mchanga ulikuwa mweusi kwa wadudu, na juu yake nyayo zangu za kwenda, peke yake. Upande wa ziwa, mawimbi yalikuwa yamekwisha kuulamba mchanga.

Tangu hapo bibi ndiye aliyeniamsha. Jogoo wa jirani hajawika, ananigonga nyayo kwa ufagio: "Amka, ipeleke miguu yangu ikakimbie!" Yangu, alisema, kana kwamba mimi nimeazima. Na uji ulikuwa tayari.

Siku hizi ziwa limeumeza ule mchanga, na miamba imezungukwa na maji. Mwalimu amelala, bibi amelala. Alfajiri nasikia pikipiki. Kuimba hakuna tena. Mara moja tu, nilipokaribia kuolewa, nilimwuliza bibi alisikia nini mle ndani ya wingu. Hakuinua macho kwenye muhogo aliokuwa akiumenya.

"Nilisikia mnakuja wawili," akasema. "Nikashangaa, yule mwenzako mbona hukumkaribisha hata uji?"

Nawe unayesoma, Mungu akuimarishie magoti, akupe mtu wa kumkimbilia, na popote utakapoingia usipoona, asikubali uingie peke yako. Amina.