Siku Nilipika Mashu na Bokilo Pamoja

Bon, mucheke mumalize, halafu munyamaze, juu hii habari niko naisema na hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu mimi, hata kama tonton yangu wa Lubero naye ana fungu yake. Kabondo yote, mutaa yetu hapa Kisangani, sasa bananiita "Patron Serre", hata mutoto wa jirani mwenye hajamaliza kuota meno.

Munajua kule Lubero kuko baridi. Tonton, ndugu ya mama yangu, alijenga serre, ile nyumba ya plastiki yenye kufunika mboga, ili mboga yake ipate joto, akanitumia picha kwa telefone, na mimi, muuza misumari na mabati mwenye hajawahi kulima hata kitunguu, nikajiambia basi na mimi nitajenga yangu nyuma ya nyumba, nipande mashu, kabichi nzito kama za kwetu. Joto ya Kisangani, hii inatutoa jasho tukiwa tumekaa tu, sikuifikiria hata kidogo (akili ilikuwa wapi, na mimi najiuliza).

Na kulikuwa sababu. Dada yangu Masika, wa mwisho kwetu, alikuwa anaolewa na kijana wa hapa. Papa alishakufa, donc siku ya dot, ya kupokea mahari, ni mimi, mukubwa wa nyumba, ningesimama mbele ya bokilo, ile familia ya kijana, niseme kwa jina ya papa. Niliingojea hiyo siku tangu zamani. Nikataka mama ya kijana akate shu ya kwanza kwa mukono yake, aone Masika hatoki kwa batu ovyo.

Mwanzoni mashu ilishika vizuri, juu pembeni nilikuwa nimeacha wazi. Kisha tonton akapiga telefone: "Kambale, funga hiyo plastiki yote. Hewa ikiingia, umeharibu." Mukubwa akisema, kwetu hatubishi. Nikafunga kila pembe, nikapigilia misumari, nikashika njia ya Bafwasende kupeleka mabati. Nikiwa kule Masika, mwenye kuniita yaya juu mimi ni kaka yake mukubwa, akanipigia: "Yaya, mashu inalala. Nifungue?" Nikamufokea. Nikamwambia asiguse, tonton anajua kuliko yeye (hapo ndipo ningepigwa kofi, lakini hakukuwa mutu karibu wa kunipiga).

Nikarudi asubuhi ya dot yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikaoga, nikavaa koti, bokilo bakafika na pagne, vitenge vyabo vipya, na mimi, badala ya kuingia kwanza peke yangu niangalie, nikabatangulia na kiburi yangu yote mupaka ndani ya serre, na nikafunga mulango nyuma yetu kwa kamba, hewa isiingie.

Ndugu zangu, ile ilikuwa sufuria. Mashu yote imelala chini, laini, ya manjano, na harufu ya mboga yenye mutu ameisahau motoni. Kisha papa ya kijana, mutu munene, tai inamubana, akaanza kuyumba, akashika nguzo ya bambou, nguzo ikaenda naye, na maji ya mvua yenye ilikuwa imejaa juu ya plastiki ikatushukia yote, kwa perruque, zile nywele za bandia, kwa pagne, kwa koti yangu. Batu bakatafuta mulango, kamba ikakataa kufunguka, bakapasua plastiki, bakatokea upande wa barabara, mbele ya bamotard, bale ba pikipiki, wote wa kona.

Mama ya kijana, maji inamutoka kwa kichwa, akaniuliza pole pole: "Kambale, kwenu munapokea wageni hivi?"

Pardon tu ingetosha. Mimi nikalaumu mvua, nikalaumu plastiki, halafu nikamulaumu Masika mbele yabo wote, ati angefungua.

Basi, tukabapa vitenge vikavu, tukakaa salon. Ikafika saa ya kumuuliza Masika, vile desturi inataka, kama tupokee dot. Nikasimama na koti yangu iliyolowa, nikamuuliza. Akabaangalia bokilo, akasema, "Mupokee." Kisha akaniangalia mimi. Macho yake ilikuwa nyekundu.

"Lakini yaya akae. Tante ndiye atasema."

Tante, dada ya papa, akasimama. Akasema vizuri, kusema kweli, batu bakacheka, bakapiga makofi, na papa ya kijana mwenyewe akamushika mukono. Mimi nilikuwa nimekaa pale karibu na mulango, natiririka maji, na maneno yangu yote ndani ya mudomo.

Serre niliibomoa kesho yake kwa mikono yangu, na nimeapa sitafunika tena mboga hata na kikapo. Tonton akipiga, sijibu. Masika amenisamehe, anakuja kutusalimia na bwana yake, tunakula, tunaongea. Lakini kwetu hakuna tena musichana wa kuoza, na kwa jina ya papa sikusema hata neno moja.